Kumchora Aliye Hai

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kamba, kipande cha chaki na ukuta mbovu wa nyuma ya karakana, nikaambiwa nipige mistari mpaka jua litue. Brashi sikupewa. Karakana yenyewe ilikuwa Kitale, upande wa njia ya kwenda Kipsongo, na aliyenipokea tulimwita Fundi Mkuu. Alizaliwa katika familia iliyotoka Mkoa wa Kati zamani ikanunua shamba Trans Nzoia. Ndugu zake walilima mahindi, yeye akapenda rangi.

"Umesoma mpaka wapi?" aliniuliza.

"Darasa la sita."

"Basi herufi zote unazijua. Hapa tutaziongezea unene tu."

Niliacha shule katika darasa hilo kwa sababu wazazi wetu walifariki wakifuatana, na mimi, Nasimiyu, ndiye niliyekuwa kifungua mimba. Nyuma yangu walikuwa wasichana watatu. Nilipalilia na kuvuna kwenye mashamba ya watu miaka mingi kabla ya kuingia karakana, na wakati naingia, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, sikuwa msichana tena. Nilikuwa nikiwauzia mafundi githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mchana. Siku moja Fundi Mkuu alikosa mtu wa kumshikia kamba, akaniita, na mstari ukanyooka. Kesho yake akaniambia nije bila sufuria.

Nyinyi mnaochapa mabango kwa mashine hamkuikuta kamba ya chaki, kwa hiyo nitaieleza. Unaipaka kamba chaki yote, unaifunga kwenye msumari upande mmoja, unaivuta mpaka ikaze, halafu unaibana kwa vidole na kuiachilia ghafla. Inaupiga ukuta na kuacha mstari ulionyooka kuliko wowote ambao mkono ungeuchora. Herufi zinakaa juu ya mistari hiyo. Tulikuwa "tunakata" herufi, maana yake tunapaka kingo zake kwanza kwa brashi nyembamba, ndipo tunajaza katikati. Mkono wa kulia ulilala juu ya fimbo yenye kitambaa kilichoviringwa kwenye ncha, ili usitetemeke na usiguse rangi mbichi. Miezi yangu ya mwanzo iliishia kwenye maneno kama HOTELI, KINYOZI na NYAMA CHOMA, na nikajua kwamba herufi S ndiyo inayomtoa mtu jasho.

Baadaye nikafundishwa sura. Njia yetu ilikuwa ya miraba. Ukipewa picha ndogo, unaigawa kwa penseli kuwa miraba midogo, kisha unaugawa ubao kuwa miraba ileile lakini mikubwa, na unahamisha mraba mmoja baada ya mwingine. Huchori uso. Unachora kipande cha shavu, kipande cha pua, na mwisho wa siku uso unakuwepo.

Kazi kubwa ya sura ilikuwa ya matanga. Huku kwetu mtu akifa, jamaa huleta picha yake, mara nyingi ile ndogo ya kitambulisho, ikuzwe kwenye ubao utakaobebwa mbele ya jeneza. Tulikuwa na mtindo wetu uliojulikana Kitale mpaka Suam: kichwa na mabega ndani ya duara la maua meupe, nyuma yake rangi ya bluu kama anga, na chini yake maneno ya kumshukuru marehemu. Fundi Mkuu alikuwa mkali sana kuhusu macho.

"Macho yamwangalie mtu usoni," alikuwa akisema. "Waliobaki wanataka kuangaliwa."

Nilishika somo hilo vizuri. Nilichora marehemu wengi sana kabla sijachora mtu anayepumua.

Nilipokuwa nimekomaa kazini, Fundi Mkuu alinituma Bungoma. Kikundi cha wanawake wa soko kilikuwa kimemwomba Msimamizi wa Soko ukuta mrefu unaotazama barabara, ili wachorwe wanawake walioufanya mji ule upate kula na kuvaa. Msimamizi alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa koti hata jua likiwaka. Alinitembeza kando ya ukuta ule mikono yake ikiwa nyuma.

"Kuna watu wa sabuni wanautaka huu ukuta," alisema. "Lakini hawa akina mama wameniandama. Nimewaambia, mchoro uwe umeisha kabla ya mvua kubwa, na uwe wa heshima. Mkishindwa, mimi nawapa watu wa sabuni, na nisisikie mtu analia."

"Utaisha, mkubwa."

"Na uandike maneno mazuri. Asante mama, vitu kama hivyo."

Wanawake walikubaliana bila ubishi kwamba wa kwanza awe Mama Wanyonyi, muuza maharagwe. Alikuwa mpana wa mabega na mpole wa sauti. Kabla yake, mwanamke wa soko akijifungua alirudi akakuta meza yake ina mtu mwingine. Mama Wanyonyi aliwapanga wenzake wakawa wanaikalia meza ya mzazi kwa zamu, wanamuuzia nyanya zake au sukuma wiki yake na kumpelekea nyumbani kilichopatikana, mpaka mtoto akaze shingo. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Ilipofika wakati wangu, hapakuwa na mwanamke Bungoma aliyepoteza meza kwa sababu ya kuzaa, na wasichana wachanga walidhani mambo yamekuwa hivyo tangu zamani.

Aliyeniletea picha yake ni Bi Hadija, muuza ndizi wa meza ya pili, Mwislamu aliyezaliwa karibu na msikiti wa mjini na kukua na Mama Wanyonyi sokoni tangu wakiwa wasichana wa kubebeshwa vikapu.

"Mchore vizuri," aliniambia. "Ukimkosea pua atanisumbua mimi, si wewe."

Mama Wanyonyi mwenyewe alikuwa ameenda Chwele kununua maharagwe. Mvua ikaharibu barabara, akakaa huko. Mimi nikaona ni vizuri, nitamaliza kabla hajarudi, ashangae. Nikapaka ukuta rangi ya kwanza, ile ya kuuziba vinyweleo usinywe rangi ya juu. Nikapiga miraba. Nikachora kichwa na mabega, nikayaweka macho yamwangalie mpita njia. Nyuma nikapaka bluu ya anga. Nikauzungusha uso kwa maua meupe kwa sababu mkono wangu ulijua kwamba uso huzungushiwa maua, na chini, kama Msimamizi alivyotaka, nikakata herufi: MAMA WANYONYI. ASANTE MAMA KWA YOTE.

Nilikuwa bado juu ya ngazi naisafisha ile S niliposikia baiskeli inaanguka nyuma yangu. Mwanamume mmoja wa bodaboda, abiria wake akiwa amebaki wima barabarani, alikuwa amepiga magoti.

"Dada yangu," alisema. "Dada yangu, hata kuniaga hukuniaga."

Nikashuka. "Ndugu, huyu hajafa."

"Si wewe ndio umeandika asante kwa yote?"

"Nimeandika, lakini—"

"Na haya maua ni ya nini?"

Nikageuka kuyaangalia yale maua, na hapo ndipo nilipoiona kazi yangu. Nilipomgeukia tena alikuwa ameshaokota baiskeli na kuondoka mbio, akiomboleza kwa sauti ambayo watu wa Bungoma wanaifahamu na huwa hawaulizi maswali wakiisikia.

Simu za mkono zilikuwa za wachache, na Mama Wanyonyi hakuwa mmoja wao. Asubuhi iliyofuata jamaa zake walikuja sokoni moja kwa moja kutoka vijijini, shangazi, binamu, watu wa kanisa lake, wengine na kuni za matanga vichwani. Nilimwambia kila niliyemwona kwamba ni makosa ya mchoro, lakini mimi ni nani? Nilikuwa mgeni kutoka Kitale mwenye rangi kwenye mikono. Bi Hadija alipaza sauti mpaka ikakauka. Alijibiwa kwamba mshtuko humfanya mtu akatae. Meza ya maharagwe ilifunikwa leso nyeusi.

Mchana pikapu ilisimama pembeni, Mama Wanyonyi akashuka na magunia yake. Aliona umati, akausogelea kwa nyuma kama mtu yeyote angefanya.

"Nani amekufa?" alimuuliza mwanamke aliyekuwa mbele yake.

"Mama Wanyonyi," akajibiwa bila kugeukiwa.

"Wa wapi?"

"Si huyu wa hapa. Wa maharagwe."

"Alikuwa anaugua?"

"Ati ni ajali ya gari, huko Chwele. Sogea basi, mama, unanisukuma."

Leo nikiisimulia watu hucheka, na hata mimi hucheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Yule mwanamke aligeuka, akamwona, akakaa chini matopeni. Shangazi mmoja mzee alikataa kumshika Mama Wanyonyi mkono. Kwa watu wetu, mtu akililiwa akiwa hai si jambo la mzaha. Kilio kikishatoka kinamtafuta mwenyewe. Wazee wa ukoo ilibidi wachinje kondoo na kusema maneno yao ili kilio kile kisimfuate, na Mama Wanyonyi akakaa nyumbani siku kadhaa, kitu ambacho hakuwahi kufanya hata alipofiwa na mume.

Aliporudi sokoni alikuja mpaka ukutani na leso yake kubwa, akaipigilia misumari juu ya uso ule.

"Mama, naufuta leo leo," nilimwambia. "Nina rangi nyeupe hapa."

"Unifute?" alisema kwa sauti yake ileile ya chini. "Umeshanililia. Sasa unataka kunizika?"

"Basi nifanye nini?"

"Mimi sijui. Wewe ndio fundi."

Basi nikawa na uso usioweza kuonyeshwa na usioweza kufutwa. Wanawake wengine walikuja mmoja mmoja kuchukua picha zao. Hawakunitukana. Mmoja aliniambia tu, "Fundi, mimi bado nina watoto wadogo." Msimamizi wa Soko naye akanikuta nimekaa kwenye debe la rangi.

"Nasimiyu, mimi nilikuomba sherehe, wewe umeniletea matanga."

"Nipe muda, mkubwa."

"Muda ni wa mvua, si wangu. Ikianza kunyesha huku ukuta ukiwa hivi, watu wa sabuni wataanza Jumatatu yake. Na hawatabandua leso, watapaka juu yake."

Nilimpigia Fundi Mkuu kutoka kibanda cha simu. Alinisikiliza, akavuta pumzi. "Rudi Kitale," alisema. "Misalaba ya kuandika majina iko mingi, na maiti hawakasiriki."

Nilitamani kurudi, sitasema uongo. Lakini nilikuwa nimelea wadogo zangu kwa kutomwacha mtu njiani, na jambo hilo lilikuwa limeshanikaa mwilini. Nilimjibu kwamba sirudi nikiwa nimemwacha mwanamke wa watu amefunikwa ukutani. Akasema haya, ila akasema pia kwamba wingu lililokuwa Kitale lilikuwa linaelekea Bungoma.

Siku zilizofuata nilikaa pale nikiangalia soko, kwa kuwa sikuwa na jingine la kufanya. Nilijaribu kuchora mtungi. Nilichora mkungu wa ndizi. Watu walipita bila kutazama. Asubuhi moja nikaenda dukani kununua mfuko wa chokaa, nikiwa nimekata shauri angalau kuupaka upya upande mwingine wa ukuta. Mfuko ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Niliuburuta hadi mlango wa soko, ukanishinda. Nilijaribu kuuinua mpaka magotini, ukateleza. Nikajaribu tena.

Nikasikia mtu amesimama mbele yangu. Alikuwa Mama Wanyonyi, ambaye hakuwa ameniamkia tangu siku ya leso. Hakuniamkia hata wakati huo. Alishika ncha mbili za mfuko, mimi nikashika mbili, tukauinua pamoja, akanitwika kichwani, akausawazisha kwa kiganja, akaenda zake.

Nilisimama na mzigo ule nikimwangalia anavyokwenda. Tangu mama yetu afe nilikuwa nimezoea kujitwika mwenyewe, kwa kupiga goti kwanza na kuegemea ukuta. Lakini pale sokoni, sasa niliona, hakuna aliyejitwika. Nilitua mfuko, nikakaa nikatazama. Mwenye gunia alifika mlangoni na kusimama tu, haombi wala haiti, na mwanamke aliyekuwa karibu aliacha kazi yake na kumtwika. Niliwaona wawili waliokuwa wametoka kurushiana maneno makali kuhusu nafasi ya meza. Mmoja alipotaka kuondoka na kikapu chake, yule mwenzake alikuja na uso wake uliokunjwa, akamtwika, kisha wakaendelea na ugomvi pale walipoachia.

Nilimfuata Mama Wanyonyi kwenye meza yake.

"Mama," nilisema, "kwa nini umenitwika na umenikasirikia?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu hula. "Sasa mzigo umefanya makosa gani?"

Bi Hadija, aliyekuwa akipanga ndizi pembeni, alicheka puani.

"Mama, sijawahi kuchora maiti anayemtwika mwenzake," nilisema. "Hawezi. Maiti hukaa peke yake kwenye duara. Nipe ruhusa niutoe huo uso kwenye duara. Siufuti. Naubakisha pale pale ulipo, nauwekea mabega ya kazi na mikono, na mtu wa kumtwika."

Aliendelea kuchambua maharagwe. Alitupa jiwe moja, na jingine.

"Na miguu," alisema mwishowe.

"Miguu?"

"Hao wa kwenu wote wanakatwa hapa kifuani. Unichoree miguu, iguse chini. Na viatu vyangu vya mpira, si vile vya kanisani."

"Na mimi ndiye nitakayetwikwa," alisema Bi Hadija.

Mama Wanyonyi alimgeukia. "Wewe si ulisema kwenu hamchorwi?"

"Uso wangu una mwenyewe. Achore mgongo. Niko mbele yako, nimeinua mkungu, mgongo uko kwa watu. Leso yangu ya manjano wote wanaijua."

"Mgongo wako huo, ukuta utatosha?"

"Ndiyo maana wametupa mrefu."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kumchora mtu aliye hai, kazi ambayo karakana yetu haikuwa imenifundisha. Niliyafuta maua na bluu. Mahali pa anga niliweka vumbi la Bungoma, lile jekundu kidogo, na vibanda, na baiskeli imeegemezwa. Macho yalikuwa shida kubwa kwa sababu yalikuwa yanamwangalia mpita njia, kama nilivyofundishwa. Nilitia rangi na kuyashusha mara nyingi mpaka yakauangalia mkungu wa ndizi unaopanda kichwani kwa Bi Hadija. Nilipoyashusha, uso wote ulipumua. Sijui kulieleza vingine. Mtu aliye hai ana jambo la kuangalia.

Halafu nikafuta herufi. Hilo lilinigharimu usingizi, maana herufi ndizo zilizoniingiza kazini. Msimamizi alikuja akasimama na koti lake.

"Majina yako wapi? Na asante?"

Kabla sijajibu, mwanamke mmoja nisiyemjua aliyekuwa anapita na mtoto mgongoni alisimama, akacheka na kusema, "Si huyu ni Bi Hadija na ndizi zake." Msimamizi alimtazama mwanamke huyo, akatazama mgongo wa manjano ukutani.

"Haya," alisema. "Endelea."

Wanawake walirudisha picha zao. Lakini waliweka sharti, na sharti hilo likawa sheria yangu: hakuna kuchorwa peke yake. Walikuja wawili wawili, na kila wawili walijadiliana nani anatwikwa na nani anatwika. Kulikuwa na mkunga mmoja wa zamani aliyetaka kuchorwa akipokea kikapu kutoka kichwani kwa msichana aliyempokea siku ya kuzaliwa kwake. Kulikuwa na wake wenza wawili waliokuja mbalimbali, kila mmoja akiniomba kwa siri nimchore na mwenzake. Kulikuwa na wale wawili wa ugomvi wa meza, ambao walichorwa wakitwikana gunia la viazi huku nyuso zimekunjwa, na ndio wanaopendwa na watoto mpaka leo. Mvua ilinikuta kwenye jozi ya mwisho. Wanawake walishika turubai juu yangu kwa zamu, nami nikamaliza chini yake.

Siku ya kuufungua ukuta yule mtu wa bodaboda, kaka wa Mama Wanyonyi, alikuja na baiskeli yake, akasimama ng'ambo ya barabara kwa muda mrefu. Baadaye akavuka. Aliinama, akaigusa miguu ya dada yake ukutani, vile viatu vya mpira.

"Sasa ni yeye," alisema.

"Na ile siku ulinililia vizuri," Mama Wanyonyi alimwambia. "Angalau nimejua."

Baada ya Bungoma niliitwa sehemu nyingi. Nilirudi Kitale nikachora Kipsongo, kwenye ukuta wa kisima cha kikundi cha akina mama, wanawake wakitwikana madebe ya maji. Huko wadogo zangu walikuja wote watatu kunishikia kamba, mmoja akiwa ameshakuwa mwalimu, na tulibishana kuhusu mistari kama mafundi wazee. Fundi Mkuu alikuja kuiona kazi ile akitembea na fimbo yake, ile ya kuegemeza mkono, ambayo sasa aliegemea kwa mwili mzima. Aliitazama sana. "Macho yako siku hizi hayaniangalii," alisema. Nikamwambia wana kazi. Akatikisa kichwa, na nikajua amekubali, kwa sababu hakusema lingine.

Kazi yenyewe iliniacha kabla sijaiacha. Mashine za kuchapa mabango ya plastiki ziliingia Bungoma kwanza, Kitale baadaye, na bega langu la kulia likaanza kukataa kupanda juu ya kichwa. Sikupewa barua ya kustaafu wala saa ya ukutani. Siku moja nilisafisha brashi kwa mafuta ya taa, nikaziviringa kwenye kitambaa, na sikuzifungua wiki iliyofuata. Sina kinyongo na mashine. Nawaomba tu nyinyi mnaozitumia, mkiletewa picha ya mtu, mwulizeni aliyeileta huyu mtu huwa na nani, wanafanya nini. Swali hilo halikuwa kwenye mafunzo yangu, na lilinigharimu matanga mazima.

Mama Wanyonyi alifariki nikiwa tayari nimekaa nyumbani. Safari hii alifariki kweli, mtu mzima, kitandani kwake. Binti yake alinipigia simu.

"Tunataka picha ya kubeba," alisema. "Na tunataka ile ya ukutani, si nyingine. Lakini wazee wanasema Bi Hadija atolewe. Ati mtu aliye hai hawezi kutembea mbele ya jeneza."

Nilikwenda Bungoma na brashi zangu. Nilisimama mbele ya ukuta na kipande cha karatasi, nikajaribu kumchora Mama Wanyonyi bila mwenzake. Mikono ilibaki juu haina kitu, kama mtu anayeomba msaada mtoni. Nikaishusha, mabega yakaanguka. Nikamkata kifuani, na mara moja akarudi kwenye duara, akaanza kuniangalia. Nikaikunja karatasi, nikaenda nyumbani kwa Bi Hadija.

Alikuwa amekaa kitandani, miguu imevimba, anatoka kulia. Nilimweleza walichosema wazee, na nikamwambia kwamba uamuzi ni wake, kwa sababu mwili ni wake.

"Wananiogopea nini?" alisema. "Mimi pale sina hata uso. Nani atanililia mgongo?"

"Wanaogopa kilio kikufuate, Bi."

"Kilio kimeshanifuata, mwanangu. Kiko hapa, nimekaa nacho." Alijifuta kwa ncha ya leso. "Usiniondoe. Ukiniondoa, mkungu wangu yeye atamtwika nani?"

Niliwachora wote wawili, kwa kamba na miraba, bega langu likinilaani. Kwa sababu walikuwa wawili, ubao ulitoka mpana kuliko wote niliowahi kutengeneza kwa ajili ya matanga, na siku ya mazishi tukagundua kwamba mtu mmoja hawezi kuubeba. Binti yake alishika upande mmoja. Watu wakatazamana kuhusu ule mwingine. Bi Hadija alitoka kwenye kiti chake, akafunga leso ya manjano vizuri, akashika.

Wazee walikuwa wamesimama njiani. Mmoja wao, aliyetoka mbali, akanyoosha kidole kwenye ubao na kuuliza huyo aliyegeuza mgongo ni nani.

"Ni mimi, baba," alisema Bi Hadija. "Sogea tupite."